Masomo ya Fedha na Simu kwa Watu Wazima wa Riruta Satellite

Mkulima wa skimu ya makazi aweza kufikiri ya kwamba habari za Riruta Satellite hazimhusu. Hapo ni Nairobi, kando ya Barabara ya Naivasha, jirani na Kawangware. Ni mahali pa nyumba za kupanga, vibanda vya biashara na matatu. Lakini viazi na kabeji za mashambani huuzwa katika soko la Kawangware, na mara nyingi malipo yake hurudi shambani kwa njia ya simu. Kijana aliyekwenda huko kutafuta kazi huwapelekea wazazi wake fedha kwa njia hiyo hiyo. Na tangu serikali ilipoanza kuwapa wakulima waliosajiliwa mbolea ya bei nafuu, habari ya mbolea nayo humfikia mkulima kwa ujumbe wa simu.

Kwa hiyo liko jambo moja ambalo mchuuzi wa Riruta na mkulima wa skimu wanalo sawasawa. Fedha zao haziko tena chini ya godoro. Ziko ndani ya simu. Na mtu asiyeweza kuisoma simu yake mwenyewe, fedha zake ziko mikononi mwa yule anayemsomea.

Hii ndiyo sababu masomo ya fedha na simu kwa watu wazima yana kazi kubwa katika mitaa ya Riruta, Kawangware na Kibera. Masomo ya namna hii hufanywa katika majumba ya makanisa, vituo vya jamii na mikutano ya vyama vya akina mama. Inafaa sisi wakulima tujue yanayofundishwa, maana yanatufaa pia.

WANAFUNZI NI WATU GANI?

Zamani Dagoretti, pamoja na Riruta na Kawangware, ilikuwa nchi ya mashamba madogo. Mipaka ya Nairobi iliposogezwa mwaka 1963, sehemu hiyo ikaingizwa mjini. Baadaye mashamba yakagawanywa kuwa viwanja, na juu ya viwanja zikajengwa nyumba za mabati za kupanga. Wapangaji wengi walitoka mashambani. Wako akina mama wanaofua nguo katika nyumba za Lavington na Kileleshwa, wanaume wa kazi za mjengo, wauza mboga, mafundi viatu na walinzi wa usiku. Wengi hulipwa kwa siku, wala hawajui kesho watapata kiasi gani.

Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha ya kwamba katika kila watu wazima 100 wa Kenya, karibu 39 hawakujua kusoma na kuandika kwa kiwango cha kuwasaidia. Wakati huo huo fedha zilikuwa zinahamia kwenye simu. Mwaka 2006, watu wazima wapatao 27 tu katika kila 100 walikuwa wakitumia benki au huduma nyingine rasmi ya fedha. Kufikia mwaka 2024 walikuwa karibu 85 katika kila 100. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2024 ulionyesha ya kwamba watu karibu 10 katika kila 100 walikuwa bado nje kabisa, bila benki, bila fedha za simu, hata bila chama.

Wengine wako nje kwa sababu hawana simu. Wengine hawana kitambulisho, na bila kitambulisho huwezi kusajili laini. Huko Kibera, Wanubi, ambao ndio wenyeji wa kwanza wa mtaa huo, walipata taabu kwa miaka mingi kupewa vitambulisho, kwa kuwa walitakiwa kwanza kupita mbele ya kamati za kuwahoji. Na wako wengi ambao wana simu na wana laini, lakini kila wanapotaka kutuma au kutoa fedha, humpa mtu mwingine simu awafanyie. Hawa huhesabiwa kuwa wamo ndani, lakini wamesimama mlangoni tu.

SOMO LA KWANZA: KUUSOMA UJUMBE

M-Pesa ilianza mwezi wa Machi mwaka 2007. Kabla ya hapo ilikuwa imejaribiwa kidogo Nairobi na Thika, na nia ya kwanza ilikuwa kuwawezesha watu kulipa mikopo midogo. Watu wenyewe ndio waliogundua ya kwamba yafaa zaidi kwa kupelekeana fedha. Kila fedha zinapoingia au kutoka, ujumbe hufika kwenye simu. Ujumbe huo ndio risiti.

Mwalimu mzuri huanza hapa. Huuandika ujumbe mmoja ubaoni kwa herufi kubwa, kisha huwaonyesha wanafunzi sehemu zake. Kwanza kuna namba ya risiti, yenye herufi na tarakimu zilizochanganyika. Kisha kiasi cha fedha. Kisha jina la aliyetuma au aliyepokea. Kisha tarehe na saa. Mwisho kuna salio, yaani fedha zilizobaki. Mwanafunzi hatakiwi kuyasoma maneno yote siku ya kwanza. Atafute mambo mawili tu: kiasi na salio. Asiyeweza kusoma maneno aweza kujifunza tarakimu kwa muda mfupi, maana amekuwa akizitambua kwenye noti siku zote. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba orodha ya M-Pesa yaweza kugeuzwa kutoka Kiingereza ikawa ya Kiswahili.

Salio ni shahidi mkuu, na hapa ndipo wezi wengi hushindwa. Mwizi humtumia mtu ujumbe wa uongo, unaosema ya kwamba shilingi 3,000 zimeingia. Kisha hupiga simu akilia kwamba amekosea namba, na kuomba arudishiwe. Mtu asiyeangalia salio lake hutuma fedha zake mwenyewe, akidhani anarudisha za mwingine. Aliyesoma huangalia salio kwanza. Akiona halikuongezeka, hutambua mara moja ya kwamba anadanganywa.

SOMO LA PILI: NAMBA YA SIRI

Namba ya siri ina tarakimu 4, nayo ni ufunguo wa sanduku lako. Hata hivyo wako wazee wengi ambao huitaja kwa sauti mbele ya wakala, mbele ya watu waliopanga foleni, au humwachia mjukuu simu na namba pamoja. Si kwa ujinga. Macho yamepungua nguvu, na kuomba msaada kumekuwa desturi.

Kwa simu ndogo yenye vitufe, ambayo watu huiita kabambe, kuna njia rahisi. Kitufe cha 5 kina kinundu kidogo. Weka kidole juu ya kinundu hicho, nawe utajua ya kwamba 2 iko juu yake, 8 iko chini, 4 iko kushoto na 6 iko kulia. Mzee akifanya mazoezi hivi siku chache, ataweza kubonyeza namba yake ya siri bila kuitaja kwa mtu na bila kuitazama sana. Asichague mwaka wake wa kuzaliwa, maana umeandikwa kwenye kitambulisho chake.

Kwa watumiaji wa Safaricom, yafaa kuzijua namba chache. Tangu mwaka 2015 jina la mpokeaji huonekana kabla fedha hazijaondoka. Lisome, au msomewe pamoja, kabla ya kuendelea. Ukituma kwa mtu usiyemkusudia, peleka ule ujumbe kwa namba 456 mara moja, kabla fedha hazijatolewa. Ujumbe wa udanganyifu upeleke kwa 333. Kampuni yenyewe ikikupigia, hutumia namba 0722 000 000. Na hata huyo hatakuuliza namba yako ya siri. Ukibonyeza *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta laini usiyoijua, nenda ukaulize.

SOMO LA TATU: DAFTARI

Maduka mengi ya zamani yalibandika ukutani msemo huu: mali bila daftari hupotea bila habari. Simu haikuondoa haja ya daftari. Simu hukuambia zimebaki ngapi. Daftari hukuambia zilikwenda wapi.

Tuchukue mfano. Mama auzaye mboga Riruta ananunua bidhaa za shilingi 2,000 alfajiri. Jioni amepata shilingi 2,600. Anasema moyoni, "Leo nimepata faida ya 600." Hebu tuandike katika daftari. Nauli na mizigo, shilingi 100. Ada ya soko, shilingi 50. Mboga alizopeleka nyumbani kupika ni za shilingi 150. Zinazobaki ni shilingi 300 tu. Kodi ya chumba ni shilingi 3,000 kwa mwezi, naye hufanya kazi siku 25, kwa hiyo kila siku ya kazi ni lazima aweke shilingi 120 za kodi. Sasa faida anayoweza kuitumia ni shilingi 180. Kama angetumia 600, angekuwa anakula mtaji wake, na mwisho wa mwezi angekopa ili alipe kodi. Watu wengi huanza kukopa kwa njia hii. Hawakupata hasara ya ghafla. Walihesabu vibaya kila jioni.

Gharama ya kutoa fedha nayo iandikwe. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2023, kutoa kwa wakala kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 kulitozwa shilingi 29. Mtu aliyetoa shilingi 500 mara 4 katika juma moja alilipa shilingi 116. Jirani yake aliyetoa shilingi 2,000 mara moja alilipa 29. Tofauti yake ni shilingi 87, nazo ni fedha za unga.

SOMO LA NNE: BEI YA MKOPO

Wakulima wa skimu wanayajua madeni kuliko watu wengi wa mjini. Skimu ya eka milioni moja ilipoanza mwaka 1962, familia zipatazo 35,000 zilipewa mashamba kwa mkopo. Deni la ardhi lililipwa kwa muda wa miaka 30, kwa faida ya shilingi 6 na nusu kwa kila mia kwa mwaka. Wazee walililalamikia deni hilo, na wengi walichelewa kulimaliza.

Sasa tulinganishe na mkopo wa simu. M-Shwari ilipoanza mwezi wa Novemba mwaka 2012, mkopaji alitozwa shilingi 7 na nusu kwa kila mia, na mkopo ulitakiwa kulipwa baada ya siku 30. Mtu asikiapo hivyo huona kwamba 7 na nusu ni karibu sawa na 6 na nusu. Lakini ile ya skimu ni ya mwaka mzima, na hii ni ya mwezi mmoja. Aliyekopa shilingi 2,000 alilipa ada ya shilingi 150. Kama alikopa tena kila mwezi kwa mwaka mmoja, alilipa ada ya shilingi 1,800. Hiyo ni shilingi 90 kwa kila mia kwa mwaka, na kila mwezi zile 2,000 zenyewe alizirudisha vilevile.

Hii ndiyo hesabu ambayo watu wazima wa Riruta hufundishwa kuifanya kabla ya kubonyeza neno "kubali". Waulize maswali matatu: nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla? Nitarudisha lini? Fedha za kurudisha zitatoka wapi siku hiyo? Ikiwa swali la tatu halina jibu, mkopo huo ni mtego.

Si kila mkopo wa simu ni mbaya. Mchuuzi anayekopa asubuhi kununua samaki, akawauza wote jioni na kulipa kesho yake, aweza kufaidika. Mfuko wa Hustler, ulioanzishwa na serikali tarehe 30 Novemba 2022, uliwekewa faida ya shilingi 8 kwa mia kwa mwaka, nao ulitaka mkopo ulipwe kwa siku 14. Lakini mkulima lazima aangalie muda. Viazi hukaa ardhini miezi 3 hadi 4. Mkopo wa siku 14 au 30 utadaiwa wakati viazi vingali na maua. Kulipa deni hilo mkulima atakopa mahali pengine, kisha mahali pa tatu, na atakapovuna, mavuno yatakuwa ya wengine. Kwa kazi ya shamba, chama cha ushirika au chama cha akiba na mikopo hufaa zaidi, maana muda wake waweza kupangwa ulingane na mavuno.

Wakopaji wana haki pia. Kulikuwa na wakopeshaji wa simu waliochukua majina yote yaliyomo katika simu ya mtu, na alipochelewa kulipa, wakawapigia jamaa zake na mwajiri wake kumwaibisha. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilipewa kanuni mpya za kuwasimamia. Wakopeshaji hao hutakiwa kuwa na leseni, na hawaruhusiwi kutisha watu wala kuwaaibisha. Uliza leseni kabla ya kukopa.

CHAMA NI SHULE

Watu wengi wazima huona haya kukaa darasani. Lakini hawaoni haya kukaa katika chama. Kwa hiyo walimu wengi huwafuata huko huko. Chama cha akina mama hukutana kila juma, kila mmoja hutoa fedha zake, na kitabu husomwa kwa sauti ili wote wasikie. Vyama vingine huweka fedha katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Njia hii ilianza kutumiwa huko Niger mwaka 1991, nayo imeenea katika nchi nyingi za Afrika. Asiyejua kusoma huona kwa macho yake fedha zikihesabiwa, na polepole huanza kuzijua tarakimu zilizo kwenye kitabu.

Huko Kibera, shirika la Tunapanda limefundisha vijana kazi za kompyuta na kuunganisha shule na vituo vya jamii kwa mtandao. Vijana wa namna hiyo waweza kuwa walimu wa wazazi wao. Lakini kijana na akumbuke jambo moja: kumfundisha mama si kumfanyia. Akiichukua simu na kuibonyeza haraka haraka, mama hajajifunza lolote. Simu ibaki mkononi mwa mama, na kidole kiwe chake.

TUFANYE NINI KATIKA SKIMU?

Serikali ilipoanza mpango wa mbolea ya bei nafuu mwezi wa Septemba mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 uliuzwa shilingi 3,500. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 ukapunguzwa hadi shilingi 2,500. Wakulima walisajiliwa kupitia kwa machifu, na haki ya kila mmoja ikapelekwa kwa ujumbe kwenye namba aliyoiandikisha. Sasa fikiri habari ya mzee aliyeandikisha namba ya mwanawe, kwa sababu yeye hawezi kusoma ujumbe. Mwana yuko Kawangware. Ujumbe unafika Kawangware, na mvua inanyesha shambani. Au fikiri habari ya mjane aliyempa mtu mwingine simu na kitambulisho ili amsaidie. Mbolea yake yaweza kuchukuliwa, naye asijue ya kwamba ilikuwa yake.

Kwa hiyo kila skimu ina haja ya darasa kama lile la Riruta. Si jambo geni katika nchi hii. Bodi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria ya mwaka 1966, na mwaka 1979 serikali ilianza kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kusoma. Mwaka 2004 Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Ikiwa yeye aliweza kuanza na alfabeti katika umri huo, mkulima wa miaka 60 aweza kuanza na salio lake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Laini ya simu na iwe katika jina lako mwenyewe, na namba hiyo ndiyo uiandikishe kwa chifu na kwa chama cha ushirika.

2. Jifunze kwanza kuona kiasi na salio. Maneno mengine yatafuata.

3. Namba ya siri usimwambie mtu yeyote, hata wakala, hata mtu wa nyumbani.

4. Ukiambiwa umetumiwa fedha kwa makosa, angalia salio kabla ya kujibu.

5. Nunua daftari. Andika fedha zilizoingia upande mmoja na zilizotoka upande wa pili, kila jioni.

6. Kabla ya kukopa, uliza jumla ya shilingi utakazorudisha na siku ya kurudisha. Usikope mkopo wa mwezi mmoja kwa zao la miezi minne.

7. Ukisaidiwa kutuma fedha, shika simu yako mwenyewe na ubonyeze mwenyewe.

Wanachama kumi wa skimu moja wakikubaliana kukutana saa moja kila juma, pamoja na kijana mmoja mwenye subira, darasa limeanza. Ubao waweza kuwa mlango wa ghala. Mwulizeni ofisa wa elimu ya watu wazima wa kaunti yenu ndogo awape mwalimu au vitabu, lakini msingoje mpaka afike. Lianzeni kabla ya msimu wa kupanda, ili ujumbe wa mbolea utakapofika, kila mmoja ausome wake.